Meli Kubwa za Abiria Zinapovunjwa: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki Hapa Dodoma

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo. Mimi ni fundi wa kuchomelea, kibanda changu kiko Chang'ombe, Dodoma. Ukutani, juu ya meza ya kazi, nimebandika picha za meli za abiria za zamani, zile zenye madohani marefu. Kila anayeleta geti au kitanda huzitazama, kisha huuliza. Maswali mengine nimeyajibu mara mia. Nimeyakusanya hapa jinsi yanavyoulizwa, nikianza na mepesi. Pale jibu lilipo kwenye swali jingine nimeelekeza huko, ili nisirudie.

## Mwanzo kabisa

Dodoma na bahari wapi na wapi? Meli zinakuhusu nini?

Bahari iko mbali, kilomita mia nne na hamsini hivi, lakini kuna meli iliyopita hapa hapa mjini. Mwaka 1913 Wajerumani waliijenga Graf von Goetzen huko Papenburg, wakaifungua tena kipande kwa kipande, wakaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000 na kuyaleta Dar es Salaam. Kutoka pale ikapanda treni. Reli ya kati ndiyo hii inayokatiza mji wetu, kwa hiyo meli nzima ilipita Dodoma ikiwa imelala ndani ya mabehewa. Iliunganishwa Kigoma na kushushwa ziwani Februari 1915. Leo tunaiita MV Liemba.

Sababu yangu ya pili ni sanduku la bati. Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa hapa mjini aliniletea sanduku la marehemu baba yake nimtengenezee bawaba. Kwenye ubavu wake kulikuwa na karatasi ya kampuni ya meli, nusu imechanika. Habari yake nimeiweka mwishoni kabisa, kwenye swali la kutambua meli ya babu.

Meli hizo ni zipi hasa? Si ndizo hizi za watalii?

Hapana. Meli ninazozizungumzia zilikuwa usafiri, kama basi la mkoani: zina ratiba, zina vituo, zinabeba barua, wahamiaji, watumishi wa serikali, wafanyabiashara na wanafunzi, na zinaondoka hata bahari ikichafuka. Ndiyo maana zilijengwa na omo, yaani pua ya meli, ndefu iliyochongoka, bamba nene na injini za kukimbia. Ya watalii ni hoteli inayoelea, haina haraka ya kufika. Ukiziweka pamoja, ya kwanza utaiona imejengwa kama shoka na ya pili kama ghorofa.

Titanic nayo ilivunjwa?

Haikuvunjwa. Ilizama Aprili 1912 na iko chini ya Atlantiki, karibu mita 3,800 kwenda chini. Iliyovunjwa ni pacha wake, Olympic, iliyofanya kazi kuanzia 1911 hadi 1935 na ambayo watu wameisahau kwa sababu ilifika salama. Mimi naipenda kuliko Titanic. Habari zake ziko kwenye swali la mbao, vioo na ngazi.

Kwa nini zivunjwe? Si zingekarabatiwa zikaendelea?

Ndege ndiyo iliyozimaliza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ndege za jeti zilianza kuvuka Atlantiki kwa saa chache, wakati meli yenye kasi kuliko zote, SS United States, ilihitaji siku tatu, saa kumi na dakika arobaini. Abiria walihama ndani ya miaka michache. Meli iliyokuwa na wahudumu elfu moja haiwezi kusafiri na abiria mia mbili, haijalishi ni nzuri kiasi gani.

Kisha likaja suala la mafuta, maana bei ilipanda miaka ya 1970 na injini za mvuke zina kiu kubwa. Zilizoponea hapo kwa kugeuzwa za utalii zilikutana na sheria ya usalama wa baharini iliyoanza kutumika Oktoba 2010, inayokataza meli za abiria za kimataifa kuwa na vifaa vinavyoshika moto kirahisi. Meli ya zamani imejaa mbao. Kuzing'oa zote ni gharama kuliko kununua meli nyingine.

## Zile zilizofika kwetu

Ni zipi zilizokuwa zikitia nanga Dar es Salaam, na ziliishia wapi?

Swali hili huulizwa na wazee, na huwa wanauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemuulizia rafiki wa zamani.

Kampuni ya British India ilikuwa na meli mbili, Kenya ya 1951 na Uganda ya 1952, zilizotoka London, zikapita Suez, kisha Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam na kuendelea kusini. Upande wa India kulikuwa na Kampala na Karanja, zilizojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya njia ya Bombay, Ushelisheli, Afrika Mashariki na Durban. Familia nyingi zenye asili ya Gujarat na Kutch zilizofungua maduka kwenye miji ya reli, Dodoma ikiwemo, zilikuja kwa meli za namna hiyo, kisha zikapanda treni. Halafu kulikuwa na Union-Castle, iliyozungusha meli zake Afrika nzima: Rhodesia Castle, Kenya Castle na Braemar Castle.

Braemar Castle ilivunjwa Scotland mwaka 1966. Rhodesia Castle ilikwenda Kaohsiung, Taiwan, mwaka 1967. Kenya ya British India ilivunjwa La Spezia, Italia, 1969, na Kampala ikaifuata njia ya Taiwan mwaka 1971. Karanja ilinunuliwa na India 1976, ikaitwa Nancowry, ikafanya kazi zaidi ya miaka kumi kabla ya kukatwa. Kenya Castle ndiyo iliyodumu: Wagiriki waliinunua, wakaipa jina Amerikanis, ikabeba watalii miaka mingi, na ikafika pwani ya Alang, India, mwaka 2001, ikiwa na karibu miaka hamsini.

Meli ya Uganda ina historia ya kipekee. Safari za Afrika zilipopungua, iligeuzwa meli ya wanafunzi, ikawatembeza maelfu ya watoto wa shule wa Uingereza bandari hadi bandari. Mwaka 1982, wakati wa vita vya Falklands kati ya Uingereza na Argentina, ilipakwa rangi nyeupe na msalaba mwekundu ikawa hospitali, ikawatibu majeruhi wa pande zote mbili. Ilipouzwa mwaka 1986 ili ivunjwe, waliibadilisha jina ikaitwa Triton kwa safari moja tu ya kwenda Kaohsiung. Kabla haijakatwa ikapigwa na kimbunga, ikalala ubavu, na miaka kadhaa ikapita ikiwa pale pale. Picha yake ikiwa imelala ninayo, ila sijaibandika ukutani.

## Kuvunjwa kwenyewe

Nani huamua meli ivunjwe, na bei hupangwaje?

Mwenye meli ndiye huamua, na huamua siku anapoona bei ya chuma chakavu inazidi faida ya kuendelea kuiendesha. Meli huuzwa kwa kilo, sawasawa na unavyouza mabati ya zamani kwa wanunuzi wa skrepa. Hesabu hufanywa kwa uzito wa meli tupu, bila mzigo, maji wala mafuta, na kila tani huwa na thamani ya mamia ya dola kulingana na soko la siku hiyo.

Mara nyingi katikati yuko dalali anayelipa taslimu. Huyu huinunua meli ikiwa bado inaelea, huibadilisha bendera, huifupisha jina kwa kupaka rangi juu ya baadhi ya herufi, kisha huiuza ufukweni. Ndipo France, meli kubwa ya Wafaransa iliyogeuka Norway, ikaishia kuitwa Blue Lady. Jina la mwisho la meli ni la makaratasi tu, ili aliyeitumia miaka yote asionekane kwenye faili la mazishi. Jambo hilo linanikera, na sitalifunika.

Meli ya mita mia tatu inafikaje nchi kavu?

Inapandishwa kwa nguvu za mwezi. Watu wa Pwani wanalijua neno bamvua: yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kwetu Dar es Salaam bamvua hupandisha bahari mita tatu na ushee. Alang, katika ghuba ya Khambhat jimboni Gujarat, maji hupanda na kushuka hadi mita kumi hivi, na ufukwe ni wa mteremko mdogo wa matope. Nahodha husubiri bamvua, huielekeza omo nchi kavu, huongeza moto injini zikilia, na meli hujikokota kwenye tope hadi inapokwama. Maji yakipwa, imeshafika. Tangu 1983 Alang hufanya hivyo, na Chittagong ya Bangladesh na Gadani ya Pakistan nazo hufanya hivyo hivyo.

Canberra, meli nyeupe ya Waingereza, ilipopelekwa Gadani mwaka 1997 ilikwama mbali kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa tumbo lake lilizama sana majini. Kazi ikarefuka mpaka ikakaribia mwaka mzima.

Aliağa, Uturuki, hakuna bamvua ya maana, hivyo pua ya meli huegemezwa ufukweni na sehemu ya nyuma hubaki inaelea. Ulaya hutumia gati au chelezo. Ni ghali zaidi, lakini mafuta hayamwagiki kwenye tope.

Inakatwaje?

Kwa gesi, kama ninavyokata mimi. Mtungi wa oksijeni, mtungi wa gesi ya kupikia, mipira miwili na kichwa cha kukatia. Unapasha chuma mpaka kiwe chekundu kama kaa la mkaa, unafungua oksijeni, na chuma chenyewe kinaungua na kukimbia kama uji. Tofauti ni kwamba mimi nimekaa kwenye kigoda nakata bamba la milimita sita, na mwenzangu wa Alang ananing'inia kwenye ngazi ya kamba, juu ya ghorofa saba, akikata bamba nene mara nne ya hilo lililopakwa rangi za miaka hamsini. Rangi ya zamani ina risasi. Mtu yeyote aliyewahi kukata chuma kilichopakwa rangi ndani ya chumba kisicho na hewa anakijua kile kichwa kinachokuja jioni.

Huanza kwa kutoa mafuta na gesi zilizobaki kwenye matangi, kisha vitu vya ndani: vitanda, milango, vyombo, nyaya. Baada ya hapo omo hukatwa kwanza, kipande kikubwa kama nyumba huangushwa kwenye tope, winchi hukivuta juu, na kundi jingine hukigawa kuwa mabamba yanayobebeka. Meli ikipungua uzito huvutwa mbele kidogo kila bamvua. Mkuku, ule uti wa chini wa meli, ndio humalizia.

Zile za zamani kabisa hazikuchomelewa, zilipigwa ribiti, zile pini za chuma za kuunganishia mabamba. Olympic ilikuwa na ribiti zipatazo milioni tatu. Niliposoma hivyo niliweka chini kikombe cha chai.

Inachukua muda gani?

Meli kubwa ya abiria, miezi sita hadi zaidi ya mwaka. Za mizigo huisha upesi kwa sababu tumbo lao ni tupu.

Ni kweli watu hufa kwenye kazi hiyo?

Ni kweli, na ni wengi. Hufa kwa kuangukiwa na bamba, kwa kudondoka, kwa gesi iliyojificha kwenye tangi. Tarehe 1 Novemba 2016 meli ya mafuta ililipuka Gadani ikiwa inakatwa, na wafanyakazi wasiopungua 26 walikufa. NGO Shipbreaking Platform, shirika linalofuatilia fukwe hizo, limehesabu vifo zaidi ya 400 Asia Kusini tangu 2009. Hao ni wale waliojulikana. Wanaokufa nyumbani kijijini baada ya miaka ishirini kwa sababu ya mapafu hawamo. Soma swali linalofuata.

Asbestosi ni nini, na kwa nini kila mara inatajwa?

Ni madini ya nyuzinyuzi yasiyoungua. Hadi miaka ya 1970 na baadaye kidogo, wajenzi wa meli waliyatumia kila mahali: kuzunguka boila, kwenye mabomba ya mvuke, ndani ya kuta za vyumba. France ilikadiriwa kuwa na zaidi ya tani 1,000. Ikiwa imetulia ndani ya ukuta haina neno, lakini ukiikata au kuivunja hutoa vumbi laini kuliko unga wa sembe. Vumbi hilo huingia kwenye mapafu na halitoki. Saratani yake huweza kujitokeza baada ya miaka thelathini au arobaini.

Nazungumza kwa uchungu hapa. Nikiwa kijana niliitwa kukata boila kuukuu kwenye kiwanda kimoja, siwezi kukitaja. Lilikuwa limevishwa kitu cheupe kama sufi iliyokandamizwa na udongo. Tuliing'oa kwa mikono, tukaifagia, na wakati wa chakula tukakaa juu ya marundo yake kwa kuwa yalikuwa laini. Aliyetuajiri alisimama mbali siku zote mbili. Wakati ule sikujiuliza kwa nini. Tangu hapo, kijana yeyote anayejifunza kwangu hakati kitu kilichovishwa kitambaa au kijivu cha namna hiyo mpaka tujue ni nini. Kama una boila au bomba la zamani lililovishwa hivyo, usiliguse kwa kisu, usilifagie likiwa kavu, na usiwaruhusu watoto kuchezea karibu.

Hakuna sheria?

Ipo. Mkataba wa Basel wa 1989 unazuia kusafirisha taka za sumu kiholela, na meli yenye asbestosi ikienda kuvunjwa huhesabika humo. Mkataba wa Hong Kong, uliopitishwa 2009 kwa ajili ya meli hasa, ulianza kutumika tarehe 26 Juni 2025. Unataka kila meli iwe na orodha ya vitu hatari vilivyomo na kila uwanja uwe na mpango wa namna ya kuvitoa. Ulaya ina sheria yake kali zaidi kwa meli zenye bendera zake. Lakini rudi kwenye swali la bei uone jinsi bendera inavyobadilishwa.

France ilifikishwa hadi Mahakama ya Juu kabisa ya India kwa sababu ya asbestosi. Ilipandishwa ufukweni Alang Agosti 2006, ikasubiri zaidi ya mwaka, na Septemba 2007 mahakama ikaruhusu ikatwe.

## Vipande huenda wapi

Nondo nilizojengea nyumba Nkuhungu zinaweza kuwa zimetoka kwenye meli?

Fundi mwenzangu mmoja huuliza kila tunapokutana. Nchini Bangladesh jibu ni ndiyo kabisa: hawana machimbo ya chuma ya maana, na sehemu kubwa ya nondo zao imetokana na meli. Bamba hukatwa vipande virefu, hupashwa moto, hupitishwa kwenye mashine na kutoka nondo, mara nyingine bila hata kuyeyushwa. Zetu hutengenezwa kwa vyuma chakavu vya humu nchini na malighafi inayoagizwa nje, na chuma kikishayeyushwa hakina kumbukumbu. Huwezi kukiuliza kilitoka wapi.

Kwa ujumla zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa meli hurudi kazini. Shaba ya rafadha, lile pangaboi la nyuma, ni mali ya kugombaniwa. Nyaya hutoa kopa. Jenereta na pampu huuzwa nzima. Ukifika barabara ya kwenda Alang utakuta maduka kilomita kadhaa yamepanga magodoro, sahani, viti, masinki na majaketi ya kujiokolea.

Na zile mbao, vioo, ngazi za kifahari?

Hapa ndipo meli huishi maisha ya pili, na hapa ndipo ninapopapenda.

Mauretania ilishikilia rekodi ya kasi ya Atlantiki miaka ishirini, 1909 hadi 1929. Kabla ya kukatwa Rosyth mwaka 1935, vitu vyake vilipigwa mnada Southampton, na mbao zake za nakshi hadi leo ziko kwenye baa moja ya Bristol. Watu wanakunywa wakiwa wamezungukwa na chumba kilichovuka bahari.

Olympic ilivunjwa Jarrow, mji wa Uingereza ambao kiwanda chake cha meli kilikuwa kimefungwa na watu hawana kazi. Mbunge John Jarvis aliinunua kwa makusudi hayo: kuivunja kuwape watu mshahara. Kuta zake za mbao zilinunuliwa na hoteli ya White Swan, mjini Alnwick, na ndani ya ukumbi ule unakaa kula mahali panapofanana na palipozama na Titanic. Kazi ile haikuwatosha wote, na Oktoba 1936 wanaume wapatao 200 wa mji huo wakatembea kwa miguu hadi London kudai ajira. Meli ile iliwalisha kwa muda tu.

Normandie ya Ufaransa iliungua New York Februari 1942 na kulala ubavu, baadaye ikakatwa. Milango mikubwa ya ukumbi wake wa chakula, yenye medali za miji, sasa ni milango ya kanisa kuu la Wamaroni, Wakatoliki wenye asili ya Lebanon, huko Brooklyn. Waumini hupita kwenye mlango uliotengenezwa kwa ajili ya watu waliovaa nguo za dansi.

Ncha ya omo ya France ilikatwa Alang, ikarudishwa kwao na kupigwa mnada Paris mwaka 2009. Shaba iliyookolewa kwenye meli ya Queen Elizabeth, iliyoungua Hong Kong Januari 1972, ilitumika kutengeneza kalamu 5,000 za Parker.

Nikiuziwa "dirisha la meli", nitajuaje si la kuigiza?

Lishike kwanza. La kweli ni zito hadi mkono unashuka. Tazama nyuma: linapaswa kuwa na mabaki ya rangi tabaka juu ya tabaka, matundu ya boliti yaliyochakaa upande mmoja, na kioo kinene chenye mikwaruzo. La kuigiza linang'aa pande zote na boliti zake hazijawahi kufunguliwa. Na muuzaji akikuambia limetoka Titanic, msalimie uondoke.

## Zilizosalimika

Kuna zilizobaki nzima?

Chache. Queen Mary iko Long Beach, Marekani, tangu Desemba 1967, ni hoteli. QE2 ni hoteli Dubai tangu 2018. Rotterdam ya 1959 imerudi kwenye mji uleule wa jina lake. Hikawa Maru ya 1930 ni makumbusho Yokohama, Japani. Ukiwa na ndugu Dubai, mwambie akapige picha kwenye QE2 akutumie.

Kwa nini matajiri wasizinunue zote wakazihifadhi?

Kwa sababu kununua ndiko rahisi. Maji ya chumvi hayapumziki. Ukaguzi wa 2017 ulikadiria kuwa Queen Mary ilihitaji matengenezo ya hadi dola milioni 289. SS United States, yenye urefu wa mita 302, karibu viwanja vitatu vya mpira kama wa Jamhuri hapa Dodoma ukivipanga kimoja baada ya kingine, ilikaa Philadelphia tangu 1996 ikisubiri mwokozi. Kuitunza gatini, kodi ya kuegesha ikiwemo, kuligharimu kama dola 60,000 kwa mwezi. Wapenzi wake walichanga miaka mingi. Mwishoni wakaondolewa gatini kwa amri ya mahakama, na Oktoba 2024 kaunti ya Okaloosa, jimbo la Florida, ikainunua ili ioshwe, itolewe sumu na kuzamishwa iwe nyumba ya samaki na kivutio cha wapiga mbizi. Februari 2025 ilivutwa kuondoka Philadelphia, na watu walisimama kando ya mto kuiaga.

Rafadha yake moja iko Mariners' Museum, Newport News, karibu na kiwanda kilichoijenga.

Kwa hiyo Liemba imeponaje zaidi ya miaka mia?

Kwa mafundi wenye mapenzi, nisemavyo kila siku. Wajerumani walipolazimika kuizamisha Julai 1916, mafundi wao waliipaka injini grisi nzito kwanza, kwa matumaini kwamba kuna siku itainuliwa. Waingereza waliinyanyua 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya. Maji ya ziwa ni baridi ya moyo kwa chuma kuliko maji ya chumvi. Na muhimu zaidi: ilikuwa na kazi. Vijiji vya kando ya Tanganyika viliihitaji, na chombo kinachohitajiwa hutengenezwa.

## Maswali ya pembeni

Ni kweli chuma cha meli za zamani hutumika hospitalini na maabara?

Ni kweli kwa kiasi fulani. Chuma kilichoyeyushwa baada ya majaribio ya nyuklia kuanza 1945 kilibeba chembechembe za mionzi kutoka hewani. Vipimo vinavyonusa mionzi midogo sana vilihitaji chuma safi, na kilipatikana kwenye manowari za Kijerumani zilizozamishwa Scapa Flow, Scotland, Juni 1919. Siku hizi hewa imetakata kiasi kwamba haja imepungua.

Wewe mwenyewe ungependa zisivunjwe?

Hapana. Wengi hushangaa. Chuma kinachooza gatini hakimheshimu aliyekijenga, na familia za Alang zinakula kwa kazi ile. Ninachotaka ni kwamba ikatwe na mtu mwenye barakoa, kofia na mkanda, juu ya sakafu isiyopeleka mafuta baharini, kwa jina lake halisi, na kabla ya moto kuwashwa mtu apite na kamera na daftari chumba kwa chumba. Michoro itunzwe. Tumepoteza meli nyingi mara mbili: chuma, halafu na habari zake.

Babu alikuja kwa meli miaka ya hamsini. Nitaijuaje?

Anza na masanduku. Kampuni zilibandika karatasi za mizigo zenye jina la meli, bandari ya kushukia na herufi ya ukoo wa abiria. Usiibandue wala usiifute kwa maji. Ipige picha kwa mwanga wa ubavuni, asubuhi au jioni, herufi zilizofifia zitatokea. Kisha tafuta pasipoti za zamani: muhuri wa kuingia una tarehe na bandari. Linganisha tarehe hiyo na ratiba, na orodha ya meli kwenye swali la zilizofika kwetu itakupunguzia kazi. Usimsahau bibi. Hata asipokumbuka jina, anaweza kukumbuka rangi ya dohani: za British India zilikuwa nyeusi zenye mikanda miwili myeupe.

Sanduku la yule mzee wa vitambaa lilikuwa limebakiwa na herufi nne: KARA. Chini yake, kwa wino wa kalamu ya kuchovya, neno Dar-es-Salaam. Nilifunga bawaba mpya kwa boliti badala ya kuchomelea, kwa sababu joto lingeichoma karatasi. Nilipomwambia jina lote la meli, Karanja, alilirudia mara mbili, akasema baba yake alikuwa akilitamka kwenye usingizi na wao walidhani ni jina la mtu.